Jiwe linaloelea la Micheweni na jiwe jeusi la Ngazija: kemia inasema nini

SWALI: Assalamu alaykum. Nasomesha jiografia katika skuli ya sekondari hapa Wete. Wanafunzi wangu wameokota pwani ya Micheweni vijiwe vya kijivu, vyepesi, ukivitia ndooni vinaelea. Mzazi mmoja naye katuletea jiwe jeusi, zito, kutoka Ngazija. Kitabu kinasema yote mawili ni mawe ya volkano. Mbona hayafanani hata chembe? Kemia yake inaweza kutuonesha yametoka kwenye mpaka gani wa mabamba ya dunia? Na mabamba yakibadilisha mwendo, mawe nayo hubadilika?

JIBU: Waalaykumu salaam, Mwalimu. Kemia itayatenga mawe yako bila taabu. Na ndiyo, mabamba, yaani vile vipande vikubwa vya tabaka gumu la dunia vinavyosogea, yakibadilisha mwendo mawe hubadilika, lakini hayabadiliki papo hapo. Mwamba wa chini hubaki na athari za zamani kwa mamilioni ya miaka, na hizo athari ndizo zinazowapoteza wengi wanaosoma namba za maabara kwa pupa.

Kabla ya kemia, hakikisha unachokishika ni jiwe la volkano. Unguja na Pemba ni visiwa vya mawe ya chokaa, mchanga na udongo. Juu ya ardhi hakuna mwamba wa volkano uliozaliwa hapa. Kila jiwe la volkano utakaloliokota limeletwa na bahari au na mtu, pengine hata kama farumi ya jahazi. Na pwani zetu zina vitu vinavyodanganya. Matumbawe makavu huwa mepesi na yana vitundu. Makaa ya mawe yaliyoungua na kutupwa na meli za zamani za mvuke huwa meusi, yana ngozi kama kioo, na mtu akiyaona huapa ni lava.

Kwangua unga kidogo kwa kisu, udondoshee siki. Matumbawe yatatoa povu, kwa sababu ni chokaa. Jiwe la volkano litatulia. Usidondoshee siki juu ya jiwe zima, maana chembe za mchanga wa chokaa zilizojibana ndani ya vitundu zitatoa povu na utakataa jiwe la haki. Kisha chukua lenzi ya kukuza mara kumi uangalie sehemu iliyovunjika upya. Katika pumisi, yaani jiwe lile linaloelea, vitundu mara nyingi vimevutika upande mmoja kama nyuzi na vinang'aa mfano wa hariri. Kati yake utaona punje nyeupe za feldispa na punje nyeusi za pirokseni. Saga kipande kidogo kwenye karatasi, pitisha sumaku chini yake: vumbi jeusi litakaloifuata sumaku ni magnetiti. Jiwe la Ngazija likiwa basalti ya kawaida, yaani lile jiwe jeusi la lava, utaona ndani ya weusi wake punje za kijani kama vipande vya chupa. Hiyo ni olivini.

Sasa tuingie ndani. Wanafunzi wengi huambiwa kwamba chini ya ganda la dunia kuna bahari ya moto. Haipo. Chini ya ganda kuna mantili, na mantili ni jiwe gumu liitwalo peridotiti. Ni la moto sana, lakini shinikizo linalizuia lisiyeyuke. Likiwa kavu, juu ya uso wa ardhi lingeanza kuyeyuka karibu na nyuzi 1,100 za Selsiasi. Kwa kina cha kilomita 100 linataka karibu 1,450 hadi 1,500. Ili upate magma, yaani mwamba ulioyeyuka, inabidi ufanye mojawapo ya mambo mawili: ulipandishe juu upesi, shinikizo lishuke kabla halijapoa, au ulitie maji, maana maji hushusha kiwango cha kuyeyuka kwa nyuzi mia kadhaa. Mwamba uliopanda ukiwa na joto kuliko jirani zake, kama ule wa chini ya Hawaii, huanza kuyeyuka mapema zaidi, kwenye kina kikubwa zaidi. Mabamba yanapoachana, njia ni ya kwanza. Bamba la bahari linapozama chini ya jingine, maji yaliyofungwa ndani ya madini yake hubanwa yakatoka na kupanda kwenye mantili iliyo juu yake. Hiyo ndiyo njia ya pili.

Jambo la kulishika ni kwamba peridotiti haiyeyuki yote. Huyeyuka asilimia chache tu, na asilimia hizo ndizo zinazoamua kemia. Mfikirie mtu anayekamua nazi. Mkamuo wa mwanzo ni kasimile, kidogo lakini zito. Ukiongeza maji na kuendelea kukamua, tui linakuwa jingi na linazidi kuwa jepesi, na mwisho unabaki na chicha. Elementi zisizopenda kukaa ndani ya madini ya mantili, kama potasiamu, bariamu, niobiamu, lanthanamu na fosforasi, hukimbilia kwenye kiowevu cha mwanzo kabisa. Mwamba ukiyeyuka asilimia 1 au 2 tu, magma huwa haba na imejaa elementi hizo. Ukiyeyuka asilimia 10 au 15, elementi ni zile zile ila zimegawanywa katika magma nyingi, kwa hiyo kila kilo ina kidogo.

Kina nacho huacha alama. Kuanzia kina cha kilomita 70 au 80 hivi kwenda chini, mantili huwa na madini ya ganeti, na ganeti hung'ang'ania iterbiamu na itriamu. Magma iliyotoka huko hupanda ikiwa na lanthanamu nyingi na iterbiamu kidogo. Kwa hiyo ukigawanya lanthanamu kwa iterbiamu unapata kipimo cha mambo mawili kwa mpigo: mwamba uliyeyuka kidogo au sana, na uliyeyukia chini sana au karibu. Katika basalti ya kawaida ya sakafu ya bahari, pale mabamba yanapoachana, jibu la hesabu hiyo ni karibu 0.8. Katika basalti ya wastani ya visiwa vya katikati ya bahari ni karibu 17.

Niobiamu ndiyo elementi ninayoitazama kwanza nikipewa karatasi ya maabara. Bamba linapozama, maji yanayotoka huyeyusha bariamu, potasiamu, strontiamu na risasi na kuyapandisha. Niobiamu haisafiri na maji. Hubaki chini, khasa ndani ya madini ya titaniamu yaitwayo rutili. Matokeo yake ni kwamba mawe ya juu ya bamba linalozama huwa na bariamu nyingi na niobiamu haba mno. Gawanya bariamu kwa niobiamu: sakafu ya bahari hutoa karibu 3, visiwa vya katikati ya bahari karibu 7, na basalti za juu ya bamba linalozama aghalabu hupita 50. Tofauti hiyo haihitaji mtaalamu kuiona. Magma hizo pia zina maji mengi, kwa kawaida asilimia 2 hadi 6 ya uzito wake, wakati magma ya sakafu ya bahari ina 0.1 hadi 0.3 hivi. Maji hayo yakigeuka mvuke karibu na juu ndiyo yanayofanya volkano za Indonesia zilipuke namna ile.

Na pumisi yako huenda imetoka huko. Mkondo wa bahari unaovuka Bahari ya Hindi kutoka upande wa Indonesia hupita kaskazini ya Madagaska, ukagota kwenye pwani yetu na kugeukia kaskazini kupita Pemba. Krakatau ilipolipuka Agosti 1883 ilimwaga baharini pumisi nyingi mno, na kufikia mwaka 1884 ilikuwa imefika pwani ya Afrika Mashariki. Sisemi kijiwe cha mwanafunzi wako ni cha mwaka ule. Zipo volkano nyingine, na pumisi iliyofukiwa mchangani inaweza kufukuliwa na mawimbi baada ya miaka mingi.

Hapa kuna mtego. Watu hupima silika, yaani oksidi ya silikoni, wakaona asilimia 68, wakasema: silika nyingi, basi ni ya ukanda wa bamba kuzama. Hapana. Silika haikuambii anwani. Pumisi ya Krakatau ya 1883 ina silika asilimia 65 hadi 70 hivi, lakini Anak Krakatau, mlima uliochipuka pale pale, kwa kawaida hutoa mawe yenye silika karibu 53 hadi 56. Mpaka wa mabamba ni ule ule. Tofauti imetokea ndani ya chumba cha magma: magma ikikaa ikipoa, olivini na pirokseni hujitenga na kuzama zikiondoka na magnesiamu na chuma, na kiowevu kinachobaki huzidi kuwa na silika. Kule Olkaria nchini Kenya kuna rioliti yenye silika zaidi ya asilimia 70, na hakuna bamba linalozama ndani ya Bonde la Ufa.

Kwa hiyo kwa vijiwe vya Micheweni swali sahihi ni jingine. Pumisi inaweza kutoka Indonesia, lakini inaweza pia kutoka Maore (Mayotte), ambako volkano za zamani za kisiwa kidogo cha mashariki zilitoa pumisi ya fonoliti, jiwe lenye sodiamu na potasiamu nyingi mno. Za Indonesia za aina ya Krakatau zitakuwa na silika karibu 68, jumla ya sodiamu na potasiamu, zikihesabiwa kama oksidi, karibu 7 hadi 8, na niobiamu chini ya gramu 15 kwa tani. Fonoliti itakuwa na silika 55 hadi 60, jumla ya sodiamu na potasiamu 12 hadi 15, na niobiamu mara nyingi zaidi ya gramu 100 kwa tani. Ukipata namba hizo mbili tatu, mjadala umekwisha.

Jiwe la Ngazija ni basalti ya alkali, yaani yenye sodiamu na potasiamu nyingi kwa kiasi cha silika yake. Chukulia maabara imekuandikia silika 46 na jumla ya oksidi za sodiamu na potasiamu 4.5. Kuna mstari wa zamani uliotokana na mawe ya Hawaii unaotenga basalti za alkali na zisizo za alkali: zidisha silika kwa 0.37, kisha toa 14.43. Kwa 46 unapata 2.59. Jiwe lako lina 4.5, limepita mstari kwa mbali, basi ni la alkali: mwamba uliyeyuka kidogo, tena chini. Hata ndani ya Ngazija yenyewe hayafanani. Volkano ya Karthala hutoa basalti za alkali za kawaida. Volkano ya La Grille, upande wa kaskazini, hutoa magma yenye silika ndogo zaidi, na baadhi ya mawe yake yamebeba vipande vizima vya mantili, vijani, ukubwa wa ngumi. Kama jiwe la mzazi lina kipande cha namna hiyo, msilivunje. Chanzo cha volkano za Komoro bado kinabishaniwa: wako wanaosema ni mwamba wa moto unaopanda kutoka chini sana, na wako wanaosema ni mpaka wa mabamba unaofunguka taratibu. Mwaka 2018 matetemeko yalipoanza mashariki ya Maore na volkano mpya ikazaliwa kwenye sakafu ya bahari, ikafika kimo cha mita 820 hivi kutoka chini, mabishano yalizidi moto.

Sasa lile swali lako la tatu, la mabamba kubadilika. Bara la Afrika Mashariki lina mfano ambao nchi nyingine wanautamani, maana huna haja ya kungoja mamilioni ya miaka: unatembea tu kutoka kusini kwenda kaskazini.

Anza kwenye volkano ya Oldoinyo Lengai, kaskazini ya Tanzania. Pale Bonde la Ufa linapasua ukingo wa bara kongwe, ambalo sehemu yake ngumu inafika kilomita 150 na zaidi kwenda chini, na linafunguka milimita chache tu kwa mwaka. Mantili haipati nafasi ya kupanda. Inayeyuka kidogo kabisa, kwenye kina kikubwa, ikiwa na kaboni dayoksaidi. Kinachotoka ni nefeliniti, lava yenye silika ndogo na alkali nyingi, na mara nyingine lava ya kabonati ambayo hakuna volkano nyingine hai duniani inayoitoa: silika chini ya asilimia 1, sodiamu na potasiamu kama oksidi karibu asilimia 40, joto la nyuzi 500 hadi 600 tu, yaani nusu ya joto la basalti. Inatoka nyeusi, nyepesi kama maji ya matope, na ikigusana na unyevu wa hewa hugeuka nyeupe baada ya saa au siku chache. Mwaka 2007 mlima ule ule ulibadilika ghafla ukaanza kulipuka na kutoa majivu yenye silika. Mpaka wa mabamba haukubadilika. Kilichobadilika ni magma mpya kuingia chini ya mlima.

Panda hadi Kenya. Miaka milioni 14 hadi 11 iliyopita, bonde likiwa bado changa, zilimwagika fonoliti nyingi ajabu. Mojawapo ni ile ya Uwanda wa Yatta, uliochirizika karibu kilomita 300. Baadaye, bonde lilipozidi kufunguka na ganda kukonda, zikaja basalti, na trakiti za milima yenye mashimo makubwa kama Menengai. Hapa mabadiliko ya wakati yamepangwa juu ya ardhi ile ile, tabaka juu ya tabaka.

Endelea hadi Afar, kaskazini-mashariki ya Ethiopia. Ethiopia ilifunikwa na basalti nyingi sana miaka milioni 30 iliyopita, wakati mwamba wa moto ulipofika chini yake. Leo pale ganda limekonda hadi kilomita 15 hadi 25 hivi, na volkano ya Erta Ale hutoa basalti yenye silika karibu 49 au 50, alkali kidogo, inayokaribia sana ile ya sakafu ya bahari. Jibuti, mlipuko wa Ardoukoba wa Novemba 1978 ulitokea kwenye ufa wa Asal, ambao ni Ghuba ya Aden ikijaribu kuingia nchi kavu. Ukivuka kuingia katikati ya Bahari ya Shamu, uko juu ya sakafu halisi ya bahari: potasiamu imeshuka na lanthanamu kwa iterbiamu imeshuka. Hiyo ndiyo safari ya bara linalogeuka bahari: kiasi cha kuyeyuka kinapanda, kina kinapungua, na mawe yanatoka kwenye nefeliniti, yanapita basalti za alkali, yanaishia basalti za bahari. Wanafunzi wakichora lanthanamu kwa iterbiamu dhidi ya latitudo kutoka Lengai hadi Bahari ya Shamu, wataiona inateremka. Haiteremki kwa mstari ulionyooka, maana mwamba wa moto wa chini ya Afar unachafua hesabu, lakini inateremka.

Mabadiliko ya upande wa pili, bamba la bahari linapoanza kumezwa, yameonekana vizuri kusini ya Japani, kwenye visiwa vya Izu na Bonin. Mwaka 2014 meli ya kuchimbua sakafu ya bahari ilitoboa ukingo ule na kupata mpangilio wake. Bamba lilipoanza kuzama, miaka milioni 52 hivi iliyopita, ukingo wa juu ulitanuka kwanza, na basalti zilizotoka zilikaribia kufanana na za sakafu ya kawaida. Muda mfupi baadaye maji ya bamba lililozama yakafika kwenye mantili ambayo tayari ilikwisha kutoa basalti hizo. Ni chicha, ukipenda, iliyotiwa maji ikakamuliwa tena. Likazaliwa jiwe la ajabu liitwalo boniniti: silika zaidi ya asilimia 52 na papo hapo magnesiamu oksidi zaidi ya 8, vitu ambavyo kwa kawaida haviendi pamoja, na titaniamu oksidi chini ya 0.5 kwa sababu titaniamu ilikwisha ondoka na mkamuo wa kwanza. Baada ya miaka milioni kadhaa mzamo ukatulia, na volkano za kawaida za ukanda ule zikachukua nafasi. Jiwe la boniniti likipatikana milimani, katikati ya bara, mtaalamu hupata ushahidi mzito kwamba pale palikuwa na bahari iliyoanza kumezwa.

Mzamo ukikoma ndipo kuchelewa kunapoonekana. Magharibi ya Uturuki, mawe ya Miosini (enzi ya miaka milioni 23 hadi 5 iliyopita) ya kati na ya mapema yana sura kamili ya bamba linalozama: potasiamu nyingi, niobiamu haba. Yaliyotoka karibuni kijiolojia, kwenye eneo la Kula, ni basalti za alkali zenye niobiamu ya kutosha, zinazokaribia za visiwa vya bahari. Katikati ya hayo mawili kuna mamilioni ya miaka ambamo ardhi tayari ilikuwa inatanuka, lakini mawe yakaendelea kubeba alama ya mzamo. Sababu ni kwamba maji na bariamu vilivyopandishwa zamani vilikuwa vimeingia ndani ya mantili na kutulia humo. Kila kilichoyeyuka baadaye kilianza na hicho. Kwa hiyo karatasi ya maabara hukuambia chanzo kimepitia nini. Mabamba yalikuwa yakifanya nini siku ya mlipuko, hilo unalipata kwa kuongeza umri wa mawe na ramani ya nyufa.

Mtego wa jamaa ya huo ni ganda la bara. Magma ya basalti ikipita kwenye ganda nene na kuliyeyusha kidogo, hupata bariamu nyingi na niobiamu haba, ikawa kama ya ukanda wa mzamo. Basalti za Karoo za Lesotho, za miaka milioni 183 hivi, zina upungufu wa niobiamu namna hiyo, na zilimwagika bara lilipokuwa likianza kupasuka. Ukiona upungufu wa niobiamu katika jiwe la bara, angalia kwanza kama jibu la niobiamu kugawanywa kwa lanthanamu linashuka kadiri silika inavyopanda katika mawe ya mlima mmoja. Likishuka hivyo, ganda limeingia mchuzini.

Kupima. Maabara nzuri ziko bara, mfano ile ya Taasisi ya Jiolojia na Utafiti wa Madini, GST, Dodoma. Mashine ya mkononi wanayotumia wafanyabiashara wa madini haitakufaa peke yake: haisomi sodiamu kabisa, na magnesiamu huisoma vibaya, kwa hiyo jumla ya alkali huipati. Kwa niobiamu, zirkoniamu na strontiamu inasaidia kiasi.

Jiwe la Ngazija peleka nusu kilo hadi kilo moja, likiwa bichi. Vunja uondoe ngozi ya kahawia yote. Ukiona vitundu vimejazwa kitu cheupe, toa vipande hivyo. Ni kalsiti au zeoliti zilizokuja baadaye na maji. Kwa pumisi tatizo ni chumvi ya bahari, ambayo itakuongezea sodiamu ya uongo na kukufanyia jiwe la Indonesia liwe kama la Maore. Ivunje vipande vya sentimita moja au mbili, uzamishe kwenye maji yaliyosafishwa ya kujazia betri, ubadilishe kila siku kwa wiki nzima au zaidi. Mwalimu wa kemia atakusaidia kujua mwisho: adondoshe nitrati ya fedha kwenye maji ya mwisho, na kama yanaingia ukungu mweupe, chumvi bado ipo. Kisha kausha kwa nyuzi 105 usiku kucha.

Waulize wanasaga kwa kinu cha aina gani. Kinu cha tangisteni kabidi huchafua sampuli kwa tangisteni, kobalti na wakati mwingine tantalamu. Niobiamu huathirika kidogo, lakini kinu cha agati ni salama. Omba oksidi kubwa, yaani silika, magnesiamu, sodiamu, potasiamu na nyenzake, zipimwe kwa eksirei kwenye kioo kilichoyeyushwa na borati ya lithiamu, pamoja na upungufu wa uzito kwa nyuzi 1,000. Upungufu huo ukizidi asilimia 2 au 3 kwa basalti, jiwe limeoza na usiamini potasiamu, rubidiamu wala bariamu yake. Tegemea titaniamu, zirkoniamu, niobiamu, itriamu na toriamu, ambazo hazihami kirahisi. Upungufu ukiwa hasi kidogo usiseme mashine imeharibika: chuma cha basalti bichi hushika oksijeni kikichomwa, uzito ukaongezeka. Kwa pumisi upungufu wa asilimia 1 hadi 4 ni wa kawaida, ni maji yaliyomo ndani ya kioo chake. Ndiyo maana kabla ya kulinganisha silika unarudisha hesabu kwenye mia bila maji: maabara ikiandika silika 66.1 na jumla ya oksidi 97.0, silika yako ni 68.1.

Elementi ndogo ziombwe kwa alama zake: Nb, Zr, Y, Ba, Sr, Rb, Th, La na Yb. Wakikwambia watayeyusha kwa asidi peke yake, waombe wayeyushe kwa borati, kwa sababu punje za zirkoni haziyeyuki vizuri kwenye asidi ya kawaida na Zr itatoka pungufu. Bajeti ikibana, acha La na Yb kwenye pumisi na uzilipie kwenye jiwe la Ngazija. Kwa pumisi, silika, alkali, Nb na Ba zinatosha. Na sehemu ya kila jiwe ibakie skuli, imeandikwa pwani au kijiji ilikotoka na tarehe, ili namba zikirudi pawe na kitu cha kuzilinganisha nacho.